Kila mtu mbele

Kazi yangu mimi ni kupima sukari. Sukari, mchele, unga, chumvi. Miaka saba niko nyuma ya mizani, hapa barabara ya Kasenga, Lubumbashi, na sijawahi kuulizwa unga una kipaumbele namba ngapi. Aliyefika kwanza anapimiwa kwanza. Anayejifanya hajaona foleni tunamsonya, anaiona.

Halafu patroni akarudi kutoka Dubai na skrini. Kitu kipana kama mlango, kikapigiliwa juu ya friza ya kuku, na nyuma yake kisanduku kidogo chenye waya ambacho ndicho kinashika matangazo. "Wewe ndiye una simu kubwa," patroni akaniambia, "utaiongoza." Ndivyo nilivyopata cheo. Mshahara haukupata habari.

Mwanzoni aliomba mambo mepesi: asubuhi mkate, mchana soda, jioni kuku. Unapanga pleilisti tatu, kila moja unaipa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, basi. Lakini fundi aliyeunganisha, programu ilipomuuliza yuko mji gani, akachagua Kinshasa, eti ndiyo makao makuu. Makao makuu ni kweli, lakini saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Basi watoto wameshaenda masomo, kwenye kikapu yamebaki makombo, ndipo skrini inapiga kelele: MKATE WA MOTO! Wateja wanageuka kuniangalia mimi, kana kwamba nimeula. Nilitukanwa wiki mbili kabla sijateremka kwenye ile orodha ya miji na kukuta Lubumbashi imekaa hapo chini inangoja kuguswa.

Nikadhani nimepona. Bado umeme. Kisanduku hakina betri ya kukishikia saa, kwa hiyo umeme ukikatika asubuhi na kurudi giza linaingia, chenyewe kinaamka pale pale kilipolala. Ni kama mlevi aliyesinzia matangani, anafumbua macho siku ya pili na kuuliza kama maiti imeshafika. Kikipata intaneti kinaambiwa saa ya kweli na kujirekebisha. Megabaiti zikiwa zimekwisha, na huwa zimekwisha, kinaendelea na matangazo kiliyokwisha kuyahifadhi tumboni, bila aibu. Jioni moja mama mmoja amekuja kununua kuku, skrini inamwamkia "Umeamkaje!" na kumwonyesha mkate. Akaniambia kwa huruma, "Papa, televisheni yenu imekunywa."

Hayo ni ya mashine, nimeyasamehe. Walionimaliza ni watu.

Kila tangazo lina namba yake ya kipaumbele. Yote yakiwa na namba sifuri, yanapokezana: hili sekunde 15, lile sekunde 15, hakuna anayelia. Ukilipatia tangazo moja namba ya juu, yale ya chini hayapunguzwi, yananyamaza kabisa mpaka la juu limalize saa zake. Yakilingana huko juu, yanapokezana yenyewe kwa yenyewe na wengine wanabaki nje ya ukuta. Mimi, mjinga, nilimweleza hayo mke wa patroni. Mama anauza vitenge. Kesho yake asubuhi akapita kwenye mizani, akaweka soda baridi mbele yangu, akasema taratibu, "Papa, yangu uipe moja." Mkate ukazimika. Patroni akauliza mkate uko wapi, nikaupa mbili. Shemeki yake mwenye duka la dawa akaja na tangazo la minyoo: tano. Mchungaji akaleta mkesha wa maombi, na mchungaji humpi tano: kumi. Mtoto wa patroni anataka mechi za Mazembe zitangulie mbele ya wote, akajiandikia mwenyewe mia moja usiku. Mama wa vitenge aliporudi na soda ya pili, tulikuwa tumefika 999.

Hapo nikakumbuka pesa za Mobutu. Mwaka 1992 tulishika noti ya zaire milioni 5, moja tu, mkononi mwa mtu mwenye njaa. Mwaka uliofuata zikakatwa: zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja. Nikasema na mimi nitafanya mageuzi ya fedha. Jumatatu usiku nikafuta namba zote, kila mtu sifuri. Matangazo sita kwa sekunde 15, kila mmoja anaonekana kila dakika moja na nusu, nani atakosa? Nikamchorea patroni kwenye karatasi ya kufungia sukari. Akaitazama sana. "Kwa hiyo mimi na shemeki tuko sawa?"

"Kwenye skrini tu, patroni."

Akanipa mpaka Jumamosi kujaribu. Nami kwa utii nikaandika hivyo hivyo kwenye ratiba: mwisho Jumamosi jioni. Kuyaongezea siku, nikasahau.

Sasa, ratiba ikiwa tupu, programu haiachi skrini nyeusi. Inarusha picha ya akiba, ile uliyoiweka siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilikuwa najaribu tu, na simu yangu haikuwa na picha nyingine: ilikuwa sahani yangu ya mchana. Bukari, ndiyo ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, bitoyo viwili, yaani samaki, na kidole gumba changu pembeni.

Jumapili nzima, mimi niko kanisani, bukari yangu iko juu ya friza inchi kwa inchi. Jumatatu nafungua duka, watu tisa mlangoni. Hakuna anayetaka sukari. Wa kwanza anaulizia kama bitoyo vinaongezwa au vinahesabiwa.

Patroni akatoka nyuma. Nikajua leo narudi kijijini. Akaangalia watu, akaangalia skrini, akanivuta pembeni. "Nani anapika hii?"

"Mke wangu, patroni."

"Alete sahani ishirini kesho."

Nikaenda nyumbani nimejaa kama gunia. Nikamwambia mke wangu kila kitu, skrini, foleni, sahani ishirini. Akaendelea kutwanga sombe, hata hakuinua kichwa.

"Na hiyo yangu umeipa namba ngapi?"