Usiku wa joto unatumalizia kahawa

Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa wakulima huku kwetu, miteremko ya Kilimanjaro. Mtaalamu mmoja akasimama akatuambia tusihangaike na mabadiliko ya tabianchi: hewa ukaa ni chakula cha mimea, kwa hiyo ikizidi, mibuni itanawiri. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo haijaisha mpaka leo.

Haya, hewa ukaa ni chakula, sibishi. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni za hewa, sasa imepita 420, na majaribio yaliyofanywa Brazil yameonyesha kwamba mibuni ikiongezewa hewa hiyo hukua vizuri zaidi. Lakini jani huipokea kupitia vitundu vidogo mno, na humo humo ndimo maji yanamotokea. Udongo ukikauka na jua likiwaka, mti unafunga vitundu ili usife kiu. Ukishafunga, umefunga na chakula. Ingia shambani saa nane mchana mwezi wa Februari, ushike majani ya mbuni yalivyolegea, kisha uniambie kama huo ni mti unaokula.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyetaja usiku. Watafiti walichambua takwimu za kahawa ya Tanzania kuanzia 1961 hadi 2012, wakakuta kila joto la usiku likipanda nyuzi 1, hekta moja inapoteza kilo 137 za kahawa. Tena ni usiku, wala si mchana! Mti hutengeneza sukari mchana. Usiku hautengenezi, unapumua tu, na kupumua kunatumia sukari ile ile. Usiku wa baridi hutumia kidogo. Usiku wa joto akiba inaliwa kabla haijafika kwenye buni. Nilipokuwa mdogo, mimi na dada yangu tulilala na mablanketi mawili mwezi wa Agosti na bado tulikunja magoti. Sasa mama analala na shuka.

Na maua je? Mbuni husubiri kiangazi kizima, ukipata mvua nzuri unachanua wote kwa siku chache, shamba linakuwa jeupe na kunukia kama asumini. Mwaka jana mvua zilidondoka kidogo kidogo, maua yakaja mafungu mafungu, na buni zikaiva hivyo hivyo. Mama alichuma mti mmoja mara sita, na maua mengine yalikauka kabla hayajachanua.

Wazee waliopanda kahawa chini ya migomba na miringaringa hawakuwa na kipimajoto, lakini kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye kivuli kina ubaridi ambao shamba la wazi halina, na udongo wake haukauki haraka. Ndiyo maana naumia nikiona miti ile inaangushwa kila mwezi, halafu anakuja mtu kutuambia hewa yenyewe itatulisha. Tupeni miche ya kivuli. Tuzibulieni mifereji ya maji iliyoziba.

Wiki iliyopita mnunuzi wa mbao alifika kwa mama kuulizia mringaringa ulio juu ya mibuni yake. Mama alikuwa ameshakubali bei, kwa sababu mjukuu alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Ada nimelipa mimi. Mringaringa bado umesimama.