Mgonjwa wa skizofrenia afundishwe kusoma watu?

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kushuku watu. Siku moja alishuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kliniki. Wasichana wawili waliokaa mbele yake walicheka, mmoja akageuka kutazama nyuma. Hilo lilimtosha. Akamalizia safari kwa miguu kwenye jua la saa sita, akafika kliniki jasho likimtiririka, akamwambia muuguzi kwamba wale wametumwa. Dawa alikuwa anakunywa kila siku, na zile sauti alizokuwa akizisikia zilikuwa zimenyamaza kwa miezi.

Kwa shida ya namna hii kuna tiba inayoitwa mafunzo ya utambuzi wa kijamii, yaani kujifunza kusoma hisia na nia za wengine. Aina mojawapo inayojulikana sana ilibuniwa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na David Penn, David Roberts na Dennis Combs. Kikundi kidogo hukutana kila wiki, vipindi 20 au zaidi. Huanza na hisia: uso wa mtu mwenye hofu ukoje, wa mwenye hasira ukoje. Halafu wanazoezwa kutenga walichokiona na walichokidhania. "Walicheka" ni jambo lililoonekana. "Walinicheka" ni dhana. Tofauti ni ile "ni" ndogo katikati ya neno, na ndiyo iliyomshusha mdogo wangu njiani. Mwishoni kila mmoja huleta kisa cha maisha yake, wakakichambua pamoja.

Wanaoitetea tiba hii wana hoja nzito. Dawa, tangu klopromazini ilipoanza kutumika miaka ya 1950, zimesaidia sana kutuliza sauti na imani zisizo na msingi, lakini uwezo wa kuelewa nia za wengine haziugusi sana. Na bila uwezo huo, kazi, urafiki na hata ndoa huwa shida. Mwaka 2012 Matthew Kurtz na Cheryl Richardson walikusanya tafiti 19 zenye washiriki 692. Waliopata mafunzo waliimarika vizuri katika kutambua hisia usoni, na kwa kiasi kidogo zaidi katika kuelewa mawazo ya wengine. Hata namna walivyoendesha maisha yao, kwa macho ya waliowaangalia, ilikuwa afadhali.

Lakini uchambuzi huohuo una jambo linaloniuma. Katika kipimo cha namna mtu anavyoamua nani wa kulaumiwa jambo baya likitokea, maendeleo ya maana hayakuonekana. Yaani kile kisa cha daladala hasa! Kuna pia suala la vipimo: ukimzoeza mtu kwa picha za nyuso kisha ukampima kwa picha za nyuso, atafaulu, lakini mtaani hakuna picha zilizotulia. Na nyingi ya tafiti hizi ni za watu wachache.

Tena nyuso zenyewe ni za nani? Hillary Elfenbein na Nalini Ambady walionyesha mwaka 2002 kwamba watu hutambua vizuri zaidi hisia za watu wa jamii yao. Kwetu kinyongo mara nyingi hata usoni hakifiki. Utakijua kwenye salamu: "salama" ya mkato, bila kuulizia watoto. Mafunzo yakiletwa huku bila salamu, yatakuwa yameacha nusu ya somo.

Kuna pingamizi lingine, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Wakati mwingine kweli wanamcheka. Watoto wa mtaa wetu wamewahi kumwita chizi mbele yangu. Kumfundisha kwamba kila kicheko ni cha heri ni kumdanganya, naye si mjinga. Ninachokikubali katika mafunzo haya ni kwamba, yakifanywa vizuri, hayamwambii watu ni wema. Yanamuuliza: ushahidi wako ni upi?

Kwa hiyo nayataka, juu ya dawa na si badala yake, ila si kwa picha peke yake. Kliniki yenye muuguzi mmoja na foleni ya sindano hadi nje haitaweza vikundi vya kila wiki, na nauli ya safari 20 si mchezo. Wabunifu wenyewe walihimiza mgonjwa awe na mtu wa kufanya naye mazoezi nje ya kikundi. Kwetu mtu huyo yupo tayari: dada, mama, shemeji. Afundishwe naye.

Juzi jioni jirani alipita bila kutusalimu. Mdogo wangu akanitazama. "Kaka, umemwona?"

"Nimemwona ana simu sikioni. Wewe umeona nini?"

Akanyamaza kidogo. "Hakutusalimu. Simu sikuiona." Akainuka, akaenda hadi kwenye kona kuchungulia.