Pwani Haijahama Chama, Imekaa Nyumbani

Juzi nilitazama mjadala wa siasa runingani mpaka chai ikapoa mkononi. Wachambuzi wanne wenye tai, nyuma yao ramani ya Kenya iliyopakwa rangi. Walipotufikia sisi, mmoja akauliza: "Sasa Baba, yaani Raila Odinga, hayupo, Pwani ni ya nani?" Ya nani! Kama shamba lisilo na hati linalosubiri bwana mwengine, na watu wake wamo ndani kama maskwota. Wakaanza kutugawa. Huyu akasema Joho, gavana wa zamani wa Mombasa, ataipeleka kwa Rais, yule akasema Kingi, Spika wa Seneti, wa tatu akaleta habari za Gachagua, naibu rais wa zamani. Hakuna aliyeuliza kama watu wenyewe watatoka kwenda kupiga kura.

Basi tufanye hesabu ambayo wao hawakuifanya. Agosti 29, 2022, Mombasa ilichagua gavana. Abdulswamad Nassir wa ODM, chama cha Raila, alipata kura kama 119,000, Hassan Omar wa UDA, chama cha Rais Ruto, kama 98,000. Zijumlishe: hazifiki 220,000. Daftari lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000. Wengine wote walikuwa wapi? Walikuwa barazani, walikuwa kazini, walikuwa wamelala. Ukinambia Mombasa ni ngome ya ODM nitakuuliza ngome gani ambayo askari wake wawili kati ya watatu hawakufika vitani.

Najua mtakachosema. Uchaguzi ule uliahirishwa kwa sababu picha za wagombea zilikosewa kwenye karatasi, watu wakapigishwa foleni mara mbili. Sawa, hilo lina uzito wake. Jirani yangu muuza mahamri alipiga kura tarehe 9 alfajiri, na alipoambiwa kuna siku nyengine ya gavana alinijibu, "Mwanangu, foleni moja yatosha, mahamri hayajipiki." Lakini hata tarehe 9 yenyewe, siku ya mapumziko, siku ya rais, Baba akiwa kwenye karatasi kwa mara ya tano, Mombasa haikufikisha nusu ya waliojiandikisha. Nchi nzima ilifika kama asilimia 65. Hilo nalo mtalitupia picha za wagombea?

Nasema hivi: Mpwani hakuwa na chama. Alikuwa na Raila. Ni vitu viwili tofauti, na waliovichanganya ndio leo wanashangaa. Itazameni Kwale. Mwaka 2022 ilimpa Raila kura nyingi za urais, halafu mkono uleule, kwenye kibanda kilekile, ukamchagua Fatuma Achani wa UDA kuwa gavana. Kabla yake Salim Mvurya alishinda na ODM mwaka 2013, akahamia Jubilee, chama tawala cha wakati ule, akashinda tena 2017. Taita Taveta ikamchukua Andrew Mwadime, mgombea huru asiye na chama kabisa. Nyali, katikati ya hiyo mnayoiita ngome, ilimpeleka Mohamed Ali bungeni mwaka 2017 akiwa mgombea huru. Huyu ni mpiga kura aliyeacha zamani sana kupiga suti, yaani kuchagua chama kimoja toka rais hadi MCA, mjumbe wa bunge la kaunti. Juu anaweka Baba, chini anaweka mtu anayemjua. Sasa juu pamebaki wazi.

Na Baba alikuwa akimpa nini? Si barabara. Hakuwahi kukalia kiti cha urais. Alimpa sababu ya kupanga foleni, mtu wa kumkasirikia mkubwa kwa niaba yake. Mizigo ya bandari ililazimishwa kupanda treni kwenda Nairobi, na maduka na gereji za njiani zikafa. Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza mizigo irudi kukombolewa Mombasa, na hilo alilitenda, nampa shingo upande. Waulizeni tu wenye vibanda vya chakula pale Miritini kama masufuria yamejaa kama zamani.

Lakini kilichoniudhi mimi hasa ni muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, na sitachoka kukisema. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku ile takataka. Kina mama walishangilia, maimamu na mapasta wakasimama upande mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliona siasa ya Pwani inayohusu watoto wetu, si ziara ya mtu. Rais akawaita Ikulu viongozi wa Embu, kunakolimwa muguka, ikatoka kauli kwamba marufuku yale ni batili. Mahakama nayo ikayasimamisha. Nikangoja ODM ingurume. Wawili kati ya magavana wale watatu ni wake! Kabla Agosti haijaisha, Hassan Joho, aliyekuwa naibu kiongozi wake, alikuwa ameshaapishwa kuwa Waziri wa Madini. Muguka bado unauzwa hatua chache kutoka shule anayosoma mwanangu. Chama kimo ndani ya serikali, na serikali ndiyo iliyotuambia tutulie.

Sasa mama yule aliyeshangilia mwezi Mei, umpigie debe gani? Miaka yote aliambiwa upande ule ni wa kuogopwa, leo anaambiwa ni serikali jumuishi. Wazee wetu waliyaona haya na KADU, chama cha Ronald Ngala, kilichovunjwa Novemba 1964 kikaingia KANU, chama tawala, kwa ajili ya umoja wa taifa. Umoja tuliupata. Mashamba tunayasubiri bado.

Mtaniletea uchaguzi mdogo wa ubunge wa Magarini, najua. Haya, nakubali: ODM bado inajua kushinda kiti. Novemba 2025 Harrison Kombe wa ODM, ambaye ushindi wake wa kura 21 wa mwaka 2022 ulibatilishwa na mahakama, alirudi akashinda, tena kwa pengo kubwa. Lakini mtazameni aliyeshindwa. Stanley Kenga, yule aliyemkosa kwa kura 21 akiwa UDA, safari hii alikuwa DCP, chama cha Gachagua, na UDA yake ya zamani ilikuwa upande wa Kombe. Wagombea walewale, fulana zimebadilishana mabega. Hapo ndipo mnaposoma "mabadiliko ya uaminifu wa wapiga kura"? Aliyebadilika ni nani, mpiga kura au fundi wa mabango?

DCP yenyewe sina la kusema ila moja: tulisikia Gachagua akisema serikali ni kampuni ya wenye hisa, na Pwani hatukuwa kwenye orodha ya wenye hisa. PAA, chama cha Kingi, ilizaliwa iwe sauti ya Wapwani, ikatia saini na Azimio, muungano wa Raila, na Mei 2022 ikaruka kwa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Spika wa Seneti tukampata, nasi tukapiga makofi.

Kwa hiyo Agosti 10, 2027 itakuwaje? Hassan Omar sasa ni Katibu Mkuu wa UDA. Nassir ni gavana wa ODM. Vyama vyao vinakula sahani moja. Ama watagombana, na ule mkataba wa Machi 2025 kati ya Ruto na Raila upasukie hapa kwetu, ama watapatana kwenye hoteli moja ya Nairobi nani amwachie nani, sisi tuletewe kofia na leso. Nafikiri watapatana. Wakipatana, foleni itakuwa fupi kuliko ya 2022, na mshindi atajisifu kwa kishindo alichokipata kutoka kwa robo ya watu.

Na vijana je? Kijana wa Majengo au Old Town akiomba kitambulisho kwa miaka mingi amekuwa akiulizwa maswali ambayo mwenzake wa Nyeri hajawahi kuyasikia, kisha tunamlaumu kwa kutojiandikisha. Kisauni na Likoni nawajua waliotimiza miaka 18 baada ya uchaguzi uliopita, wanaofuata siasa usiku kucha kwenye simu na hawajakanyaga kituo cha usajili. Walipoandamana Juni 2024 pale mjini hawakubeba bendera ya chama chochote. Hakuna MCA hata mmoja aliyewafuata baada ya hapo kuwauliza wanataka nini. Walifuatwa na polisi.

Nassir alimshinda Omar kwa kura kama 21,000. Waliobaki nyumbani siku ile walizidi 400,000. Anayetaka Mombasa na aache kununua wazee wa mitaa kwa mia mbili mbili, akachukue daftari la kituo kimoja tu, Bamburi au Mtongwe, abishe mlango kwa mlango awaulize wasiopiga kura walichoka na nini. Ajiandae kutukanwa kwanza.