Ya Tano Ipi?

Binamu yangu haulizi kitu, anapiga hesabu. Msimamizi wa shamba la mizabibu bonde la Douro, huko Ureno, alimtumia ujumbe wa kibarua cha kuchuma zabibu: "Na quinta, quinta, 7h." Binamu hata hakukuna kichwa. "Quinta ni ya tano. Ya tano ni Jumatano. Funga begi."

Jumanne jioni tukashuka Pinhão, tukalala kwenye benchi la stesheni, chini ya vigae vya buluu vyenye picha za wachuma zabibu. Saa moja kamili asubuhi tuko getini. Juu ya geti pameandikwa Quinta, halafu jina refu. "Unaona?" Binamu akachekelea. "Mpaka siku wameandika!"

Akatoka bibi mwenye aproni, na mbwa asiye na aproni wala adabu. Bibi akatupungia mikono yote miwili: "Quarta! Quarta!"

Binamu akanitafsiria bila wasiwasi: "Anasema hapa ni ya nne. Ya tano iko mbele."

Basi tukapanda kilima, mabegi mgongoni. Geti linalofuata: Quinta. Jingine: Quinta. La juu kabisa, lenye kutu: Quinta. "Binamu," nikamwambia huku nahema, "nchi hii haina ya sita?"

Mchumaji mmoja wa Msumbiji ndiye aliyekuja kutufumbua macho. Quinta ni shamba lenye nyumba yake. Inasemekana zamani mpangaji alimlipa mwenye ardhi sehemu ya tano ya mavuno. Quinta hiyohiyo ni Alhamisi, kwa kuwa Wareno wanaanza kuhesabu Jumapili, sisi Jumamosi. Kwao Msumbiji shamba ni machamba, neno lililotoka kwetu. Kibarua cha Msumbiji tusingepotea!

Mchana tukarudi kwa bibi, ndimi nje. "Amanhã!" akasema, yaani kesho. Binamu akaweka mkono kifuani: "Na kwako amani, bibi!" Bibi hakuelewa, ila alicheka mpaka akashika geti, kisha akatuletea mkate na dagaa wa kopo. Mbwa naye akadai fungu lake.

Alhamisi tulichuma mpaka vidole vikagandana kwa utomvu wa zabibu. Jioni msimamizi akatangaza siku ya malipo: "Segunda!"

Binamu akanikonyeza. "Hiyo nyepesi. Ya pili. Jumapili asubuhi tuko hapa."

Mimi nikakata tiketi ya Jumatatu.