Kocha Msaidizi Akizuiwa Kupanda Cheo: Nani Ana Haki Katika NFL?

Mwanzoni mwa 2018, Pat Shurmur aliacha kazi ya kuratibu mashambulizi ya Minnesota Vikings, yaani ya msaidizi anayesimamia upande wote wa ushambuliaji, akawa kocha mkuu wa New York Giants. Alitaka kuondoka na Kevin Stefanski, kocha wa makwotabeki, yaani wale wanaorusha mpira na kuongoza mashambulizi, ampe uratibu kama ule aliokuwa nao yeye Minnesota. Vikings walikataa hata kuruhusu ahojiwe kwa kazi hiyo. Kanuni za NFL, ligi kuu ya soka ya Kimarekani, ziliwaruhusu: msaidizi mwenye mkataba angeweza kuzuiwa kuhojiwa na klabu nyingine, isipokuwa kama kazi yenyewe ni ya kocha mkuu.

Hoja ya klabu inayozuia si dhaifu kama mashabiki wengi wanavyoichukulia. Kocha anayefukuzwa kabla mkataba wake haujaisha kwa kawaida huendelea kulipwa, na mwajiri anayebeba mzigo huo ana sababu ya kudai kwamba naye atimiziwe muda waliokubaliana. Isitoshe, msaidizi haondoki na nguo zake tu. Huondoka na mbinu, ishara na udhaifu wa kila mchezaji aliyemfundisha. Mwaka 2017 Philadelphia Eagles waliwanyima New York Jets ruhusa ya kumhoji John DeFilippo, kocha wao wa makwotabeki, wakati kijana wao Carson Wentz alikuwa ndio kwanza amemaliza msimu wake wa kwanza. Msimu uliofuata Wentz aliumia, Nick Foles aliyekuwa akiba akaingia, na Eagles wakatwaa Super Bowl, Foles akiwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Ni vigumu kumshawishi kiongozi yeyote wa klabu hiyo kwamba kumbakiza DeFilippo kulikuwa kosa.

Lakini hesabu ya kocha mwenyewe ni nyingine. Kwa kawaida anayepewa timu ni yule aliyekwisha kuratibu mashambulizi au ulinzi, kwa hiyo kanuni iliyosema kwamba hakuna anayeweza kuzuiwa kuwa kocha mkuu, huku ikiruhusu azuiwe kuwa mratibu, ilikuwa sawa na kumkaribisha mtu darini baada ya kuondoa ngazi. Wasaidizi hawa, tofauti na wachezaji, hawana chama cha wafanyakazi chenye nguvu ya kujadili masharti yao na ligi.

Mfano wa Vikings ndio unaonishawishi zaidi, kwa sababu unawapa pande zote mbili cha kusema. Baada ya kumzuia Stefanski, uratibu uliobaki wazi hawakumpa yeye. Walimpa DeFilippo, yuleyule aliyekuwa amezuiwa na Eagles mwaka mmoja kabla, kisha wakamfukuza Desemba 2018 kabla msimu haujaisha. Hapo ndipo Stefanski alipopewa kazi. Mtetezi wa uzuiaji atasema kwamba Stefanski hakudhurika: Shurmur alifukuzwa Giants baada ya misimu miwili yenye ushindi 9 tu, ilhali aliyezuiwa alichukuliwa na Cleveland Browns mwaka 2020, akawapeleka kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2002, na akachaguliwa kocha bora wa mwaka. Yote hayo ni kweli, ila hiyo ni bahati yake, wala si hisani ya klabu. Kama mtu ana thamani kubwa kiasi cha kutoachiwa, kwa nini hakuwa na thamani ya kupandishwa cheo palepale?

Mei 2020 wamiliki wa klabu walibadili kanuni: msaidizi hawezi tena kuzuiwa kuhojiwa kwa nafasi ya kweli ya uratibu, isiyo ya jina tu, na mzozo kuhusu ukweli wa nafasi hiyo huamuliwa na kamishna wa ligi. Mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na hatua za kuongeza makocha wasio Wazungu, ambao wakati huo walikuwa 4 tu kati ya makocha wakuu 32, katika ligi ambayo wachezaji wake wengi ni Weusi. Naona yalikuwa sahihi, hasa kwa kuwa hayakugusa haki ya klabu kumzuia msaidizi anayetaka kuhamia cheo kilekile kwingine. Kuhama kwa namna hiyo ndiko kunakofanana zaidi na kuvunja ahadi.

Ugumu umebaki katika kupima ukweli wa cheo. Mwaka 2019 San Francisco 49ers waliwazuia Green Bay Packers kumhoji Mike LaFleur kwa uratibu wa mashambulizi chini ya kaka yake, Matt. Hata hivyo Matt ni kocha mkuu anayeita michezo mwenyewe, yaani anayeamua timu icheze vipi katika kila shambulizi, na vivyo hivyo Kyle Shanahan wa 49ers, ambaye kwa misimu kadhaa hakuwa na mratibu rasmi wa mashambulizi kabisa. Je, kutoka kwa bosi mmoja anayeita michezo kwenda kwa mwingine wa namna hiyo ni kupanda? Mshahara na jina la cheo vinaweza kujibu ndiyo, lakini kazi ya siku ya mechi ikabaki karibu ileile, na kamishna atalazimika kuchagua kati ya vipimo hivyo kila shauri litakapomfikia.