Mabao 60, mshahara pauni 8

Jumamosi nilikuwa kibanda umiza pale mtaani, joto kama lote, feni moja inazungusha upepo wa moto, Everton wanacheza mpira wa kusinzia, basi nikafanya kosa la kufungua mdomo. Dogo mmoja mbele yangu alikuwa anawapa wenzake darasa kwamba Haaland ndo kafunga mabao mengi kuliko mtu yeyote kwa msimu mmoja ligi ya Uingereza, 36, msimu wa 2022/23, toka dunia iumbwe hakuna. Nikamwambia dogo, kuna mtu alifunga 60, tena wa hao hao Everton unaowatazama. Kibanda kizima kikageuka.

"Anko, 60 za wapi, za PlayStation?"

Wakacheka mpaka muuza karanga naye akacheka. Nikanuna, na mpaka leo nimenuna, ndo maana naandika. Hivi nani aliwaambia mpira ulianza 1992? 1992 walibadilisha jina la ligi na mkataba wa TV, goli lilibaki na milingoti ileile miwili. Msimu wa 1927/28 William Ralph Dean, wao walimwita Dixie (jina lenyewe hakulipenda, alitaka aitwe Bill, ila nani anamsikiliza straika), alifunga mabao 60 ya ligi kwenye mechi 39. Ligi peke yake, vikombe hatujagusa.

Na alivyomalizia sasa. Zimebaki mechi mbili, ana 53, anataka 7 ili ampite George Camsell wa Middlesbrough aliyefunga 59 msimu mmoja nyuma, daraja la pili. Wakaenda Burnley akapiga 4. Ikabaki mechi ya nyumbani na Arsenal, tarehe 5 Mei 1928, ubingwa tayari uko mkononi kwa hiyo watu walikuja kuhesabu tu. Arsenal wakatangulia, yeye akarudisha, akafunga na penalti, halafu kimya. Dakika zinakatika. Zimebaki kama nane hivi Alec Troup akapiga kona, jamaa akapanda, kichwa, 60. Arsenal wakasawazisha ikawa 3-3 na sidhani kama kuna mtu uwanjani alijali.

Najua mtakachosema, sheria ya ofsaidi ilikuwa imelegezwa 1925, badala ya wapinzani watatu mbele yako wakabaki wawili, mabeki wakapotea kabisa. Sawa, kweli. Ila ililegezwa kwa mastraika wote wa Uingereza na 60 akafikisha mmoja. Tena huyu mmoja mwaka 1926 alipata ajali ya pikipiki kule Wales akavunjika fuvu na taya, madaktari wakaogopa hatacheza tena, mwaka uleule akarudi uwanjani kupiga vichwa. Mpira wenyewe wa ngozi una kamba, ukilowa mvua ni jiwe. Na kabla ya hapo, bado mtoto yuko klabu ya Tranmere, beki alimpiga teke akapoteza korodani moja. Siku hizi mtu akiguswa bega anabingirika mpaka kwenye kibendera cha kona.

Lakini mabao siyo yaliyonileta hapa, mabao mtayakuta kwenye simu zenu. Mimi kinachoniuma ni hela.

Enzi zile England mshahara wa mchezaji ulikuwa na dari. Kwenye miaka mikubwa ya Dean dari lilikuwa pauni 8 kwa wiki msimu ukiendelea, 6 kipindi cha kiangazi, basi. Uwe umefunga mabao 60 au uwe beki wa akiba unayeshika taulo, huvuki hapo. Na usiseme si angehama, maana klabu ilikuwa inashikilia usajili wako hata mkataba ukiisha, wasipokuachia huchezi kwingine kwenye ligi, na hata wakikuachia unakoenda ni pauni 8 zilezile. Everton walimnunua toka Tranmere 1925 kwa pauni 3,000. Nimepiga hesabu na kalkuleta ya simu: hata ukimpa 8 kila wiki mwaka mzima ni pauni 416, kwa hiyo bei aliyouzwa ni zaidi ya mshahara wake wa miaka saba! Hela hiyo iliingia kwa nani? Siyo kwenye mfuko wa kijana wa Birkenhead aliyetoka kufanya kazi reli. Oktoba 1928 Arsenal wakamnunua David Jack toka Bolton kwa pauni 10,890, dunia nzima ikashika mdomo. Ni miaka 26 ya mshahara wa juu kabisa. Mtu ana thamani ya miaka 26, halafu Ijumaa unampa nane unamwambia ashukuru.

Haya, wenzake waliobaki kwenye reli na bandarini walikuwa wanapata pungufu ya hapo, nakubali, tena nakubali nimekunja uso. Ila mfanyakazi wa bandari hakuwa anajaza Goodison Park, uwanja wa Everton enzi hizo. Dari lenyewe liliondolewa 1961, Dean kastaafu zamani, anauza bia kwenye pub yake Chester.

Sasa sikieni sehemu inayonichoma. 1923, yaani wakati Dean ndo anaanza anza pale Tranmere, hapo Liverpool ilianzishwa Littlewoods, kampuni ya kubeti. Unajaza fomu ya mechi za wiki, unatuma kwa posta, unasubiri Jumamosi. Mkeka, wajameni, mkeka wa karatasi! Uingereza nzima ikawa inajaza. Mwenye kampuni, John Moores, akatajirika haswa, na baadaye akawa mwenyekiti wa Everton. Na Dean alipoachana na pub alipata kazi wapi? Littlewoods. Ya upota, kubeba na kusogeza vitu maofisini. Mtu ambaye mabao yake yalikuwa yanachana na kupasisha mikeka ya nchi nzima, uzeeni anabeba vitu kwenye jengo lililojengwa na mikeka hiyo. Wapo watakaosema walimfanyia wema, mzee apate cha kumweka mjini. Labda. Mimi wema wa namna hiyo unanikaa kooni.

Hata alivyoondoka klabuni haikupendeza. Alibeba ligi 1928, akashuka nao daraja 1930, akawarudisha juu 1931, ligi tena 1932, Kombe la FA 1933 wakiwapiga Man City 3-0 (fainali ya kwanza kuvaa namba mgongoni, yeye akiwa 9). Wakamleta Tommy Lawton, kijana wa miaka 17, mzee akamfundisha kupiga vichwa, halafu 1938 akauzwa Notts County. Mabao 383 kwenye mechi 433, kwaheri. Mechi ya kumuenzi walimchezea 1964.

1976 alikatwa mguu wa kulia. Tarehe 1 Machi 1980 akaenda Goodison kutazama dabi na Liverpool, akafia palepale uwanjani, miaka 73.

Haya yote nilijaribu kumweleza dogo wakati wa mapumziko. Nikamkumbusha Everton walishakuja hapa Dar, Julai 2017, Taifa, wakacheza na Gor Mahia, Rooney akapiga lile shuti la mbali, kifuani wameandikwa SportPesa. Hilo alilikumbuka vizuri. Akatulia, akagugo, akaiona ile 60, akasema "duh". Nikajua nimempata.

Akageuza simu anionyeshe mkeka wake, timu kumi na moja, kumi zimeshaingia.

"Anko, sasa wewe unayewajua hawa Everton, hapa watasawazisha kweli?"