Wabrazil na nyimbo za kuazima: nani aliombwa ruhusa?

Mwaka 2021 waimbaji wawili wa forró, muziki wa dansi wa kaskazini-mashariki mwa Brazil, Ávine Vinny na Matheus Fernandes, walitoa "Coração Cachorro", wimbo wa mpenzi mwenye moyo wa mbwa. Kibwagizo chake ni mlio mrefu wa mbwa, na mlio huo ndio uliousambaza TikTok. Wenye masikio makali wakautambua haraka: ni mahadhi ya mwimbaji Mwingereza James Blunt katika "Same Mistake" ya mwaka 2007. Blunt hakununa. Alijirekodi video akitania kuwa atawapa namba ya akaunti yake ya benki, na mwishowe akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza kwa asilimia 20.

Wanaoitetea tabia hii ya kuazima nyimbo za kigeni wana hoja nzito. Tangu mwaka 1928, mwandishi Oswald de Andrade alipotoa ilani yake ya "ulaji watu", wasanii wengi wa Brazil wamejivunia kumeza cha mgeni na kukitoa kikiwa chao. Gilberto Gil alifanya hivyo mwaka 1979 alipoigeuza "No Woman, No Cry" ya Bob Marley kuwa wimbo wa Kireno wenye majonzi ya zama za udikteta. Huko Belém, mji mkuu wa jimbo la Pará, mwimbaji Gaby Amarantos aliichukua "Single Ladies" ya Beyoncé akaipigia tecnobrega, muziki wa dansi wa kielektroniki wa huko, na watu wakambatiza Beyoncé wa Pará. Anayeita kazi hiyo uvivu hajawahi kujaribu kuhamisha mashairi kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuvunja mizani.

Lakini sheria ya hakimiliki ya Brazil, namba 9.610 ya mwaka 1998, haina utata: kugeuza au kutafsiri kazi ya mtu kunahitaji ruhusa yake kwanza. Kwanza, si baada ya wimbo kupaa. Kwenye forró, mara nyingi mpangilio huo hupinduliwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi. Blunt alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Mtunzi asiye na wakili hucheka na nani?

Kumbuka "Lambada" ya mwaka 1989. Kundi la Kaoma liliundwa Ufaransa, mwimbaji wake Loalwa Braz akitoka Brazil. Wimbo ulikuwa wa kundi la Los Kjarkas la Bolivia, wa mwaka 1981, na mwimbaji wa Brazil Márcia Ferreira alikuwa ameshautafsiri kwa Kireno kwa ruhusa. Produsa Mfaransa akausajili kwa jina la kubuni, Chico de Oliveira. Dunia nzima ilikuwa imeshacheza wakati Wabolivia wakidai haki yao kisheria. Kumla mkubwa kunaweza kuitwa ujasiri. Kumla jirani maskini hakuna jina zuri.

Na Wabrazil wenyewe wanapoliwa, hawachukulii utani. Desemba 2024 jaji wa Rio de Janeiro aliamuru "Million Years Ago" ya Adele iondolewe sokoni kwa muda, baada ya mtunzi wa Brazil Toninho Geraes kulalamika kuwa imechukua muziki wa samba yake "Mulheres", iliyopata umaarufu kwa sauti ya Martinho da Vila.